Ukitaka kujua kilichopachikwa, iulize kerneli

Bado naziona skripti za seva za Linux zinazosoma /etc/mtab, faili ya orodha ya diski na mifumo ya faili iliyopachikwa (iliyounganishwa kwenye folda ili isomeke), kana kwamba ni hati ya mahakama. Zamani faili hiyo iliandikwa na amri ya mount, wala si kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Programu nyingine ikipachika diski kimyakimya, orodha ilibaki na uongo. Kwenye Linux nyingi za leo mtab ni kiungo tu cha kwenda /proc/self/mounts, na huko anayejibu ni kerneli.

Hiyo “self” si pambo. Tangu Linux 2.4.19 kila mchakato (programu inayoendeshwa) unaweza kuwa na orodha yake ya mipachiko, ndiyo maana kontena, yaani programu zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa, haioni diski zote za mashine iliyoibeba. Huwezi kuuliza nini kimepachikwa bila kusema nani anauliza.

Mimi huwaelekeza watu kwenye /proc/self/mountinfo, iliyokuja na 2.6.26 mwaka 2008. Inakupa namba ya kila mpachiko, namba ya mzazi wake, na hata sehemu gani ya mfumo wa faili ndiyo iliyopachikwa, jambo ambalo mounts hailitaji kabisa. Ila ni maandishi, nayo yana mitego. Nafasi tupu kati ya maneno kwenye jina la folda huandikwa \040. Baada ya safu ya sita huja vipande visivyo na idadi maalumu, kisha kistari, ndipo aina ya mfumo wa faili. Anayekata mstari kwa awk, amri ya kugawa maandishi kwa safu, na kuchukua safu ya tisa anacheza bahati nasibu.

Tena, kutafuta mpachiko mmoja unasoma orodha nzima. Kwenye mashine yenye maelfu ya mipachiko, hilo ni zigo.

Ndiyo maana nimefurahia listmount na statmount, njia mbili za programu kuiuliza kerneli moja kwa moja, zilizoingia Linux 6.8 Machi 2024. Ya kwanza hutoa namba za mipachiko. Ya pili hueleza mpachiko mmoja, kwa yale tu uliyoyaomba. Namba zenyewe ni za biti 64 na hazirudiwi, tofauti na zile za mountinfo. Wapo wanaonung'unika kwamba faili ya maandishi husomeka kwa cat, amri ya kuonyesha faili. Kweli, kwa macho ya binadamu ibaki. Programu haina macho.

Nafasi iliyobaki kwenye diski bado utaiulizia statfs, mwito mwingine wa kerneli, na seva ya NFS (inayotoa faili kupitia mtandao) ikifa, df, amri ya kuonyesha nafasi hiyo, itaganda vilevile. Kwa skripti za kawaida, amri ya findmnt, inayoorodhesha mipachiko, inatosha: mitego ya \040 inaitegua yenyewe, na ukiweka -J inakupa JSON, muundo ambao programu huusoma kwa urahisi.