Fungeni feti, acheni watu wafunge ndoa

Mwaka huu wa 2020, ofisa mmoja wa eta-sivile, ofisi inayoandikisha ndoa, hapa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, alimwambia binti wa shangazi yangu, aliyekwenda kuandikisha ndoa yake, arudi "korona ikiisha". Binti ana mimba ya miezi saba. Sijui mtoto naye ataambiwa asubiri tangazo la rais.

Binti na bwana wake hawakuomba feti, yaani sherehe. Hawakuomba sale ya kukodi ukumbi, wala fanfare ya matarumbeta, wala msururu wa magari yanayopiga honi kutoka Ndosho mpaka ziwani. Mahari ilitoka mwezi wa pili, mbuzi zikahesabiwa, wazee wakala wakashiba. Walipanga kwenda komine, kwenye ofisi hiyo ya serikali, mwezi wa tatu, ndipo kukafungwa kwa ajili ya korona. Walitaka kuandikwa tu. Amri ya rais ya Machi 18, 2020 ilikataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Haya, tuhesabu pamoja: bwana, bibi, shahidi kila upande, ofisa, karani wake, na wazazi wanne. Kumi. Pale Birere, mtaa wetu wa biashara, mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, anazungukwa na wengi kuliko hao.

Mtasema harusi ya Goma haijui kumi. Nakubali, shingo upande. Unaalika mia, wanakuja mia tatu, wanacheza jasho kwa jasho mpaka usiku wa manane. Hiyo isubiri. Sitalilia keki.

Lakini ndoa! Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka waliooana kifamilia, kwa mila, wafike kuandikisha ndani ya mwezi mmoja. Sheria inasema njoo haraka, ofisi inasema rudi baadaye. Sasa mvunja sheria ni nani?

Na anayeumia ni mwanamke. Bwana akifa, sheria inamtambua mjane kuwa mrithi. Shida ni kuonyesha kwamba yeye ni mjane. Niliona mtaani Majengo, matanga hayajaisha, mama amekaa kwenye godoro la msiba, na mawifi wako jikoni wanagonga masufuria kwa vidole wasikie yapi mazito. Hana karatasi. Akitaka kujitetea atafute mashahidi wa mahari, na mashahidi wenyewe ni ndugu za marehemu, wale wale wanaobeba televisheni. Halafu redio inatuambia kutwa kwamba ugonjwa huu unaua. Kama unaua, basi ndiyo sababu ya kumwandikisha huyu dada leo, kabla haujapita nyumbani kwake. Nyinyi mnamwambia usubiri ugonjwa uishe ndipo uwe mke wa mtu! Kweli, wakubwa zetu, mmelifikiria hili hata kwa dakika moja?

Eti ni hatari. Goma? Ebola ilifika mjini humu Julai 2019, na ilitangazwa kwisha Juni 25, 2020. Hata mtoto wa miaka mitano hapa anajua harufu ya klori, na anatoa paji la uso mwenyewe akiona kile kibastola cha kupima joto. Ndoo zipo. Baraza la nje la ofisi lipo, na upepo wa ziwa ni bure. Wapeni watu saa zao, jozi moja moja, kila mtu na kalamu yake, barakoa usoni. Washushe kidogo tu ofisa aone sura, asije akamwozesha dada mkubwa kwa makosa.

New York walianza kuozesha kwa video Aprili 2020, gavana wao aliruhusu. Uingereza walifunga kabisa, na Julai 4, 2020 walikubali watu 30. Mimi siombi video, kwa umeme huu na bei hii ya mega za intaneti tungekwama kwenye "ndiyo". Naomba meza na daftari.

Wenye wachumba Gisenyi, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, poleni. Mpaka ulifungwa Machi 2020 na dawa yake sina.

Nilisahau la mwisho. Binti alipotoka, karani alimfuata hadi kwenye ngazi akamnong'oneza kwamba kwa dola 50 wangeweza kupitia mlango wa nyuma Jumamosi. Kumbe ofisi inafunguka! Basi ifunguliwe mlango wa mbele, Jumatatu, kwa bei iliyobandikwa ukutani, na karani avae barakoa yake vizuri. Siku hiyo ilikuwa kidevuni.