Mwimbaji wa Kike, Sauti ya Kiume

Mjomba alipofariki wenzangu waligawana vya maana: huyu minazi, yule baiskeli ya Phoenix. Mie nikapewa boksi. Nilidhani ni risiti. Kufungua, santuri sabini na tatu, zile ndogondogo za mizunguko 45, Tanga tupu: Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, na taarab ya Black Star na Lucky Star. Enzi hizo bendi zetu zilikuwa zinavuka mpaka kwenda kurekodi Nairobi, santuri inarudi huku kama mtoto aliyesomeshwa ugenini. Sasa nimekaa nazo hapa Ngamiani, Tanga, nazitazama, nazo zinanitazama. Pa kuzipigia sina.

Kosa langu likawa kumuuliza mpwa wangu aliyeko Dar ninunue mashine gani ya kupigia santuri.

"Mjomba, tuanze na bajeti."

Nikamwambia laki mbili. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Laki mbili, mjomba, ni brashi ya kufutia vumbi na nauli ya kuifuata."

Kisha akafungua bomba. Ati kuna Technics SL-1200 ya Wajapani, ipo tangu 1972, sinia la kulazia santuri linazungushwa na mota iliyo chini yake moja kwa moja, hakuna mkanda wa kulivuta, madijei wameitesa miaka yote hiyo na haifi. Bei ya mpya? Kwa pesa hiyo unachukua bodaboda na chenji ya kofia inabaki. Nikasema basi, hiyo hiyo. La! Msikilizaji wa kweli, ati, anatafuta Linn Sondek LP12 ya Uskoti. Hiyo unanunua kiwiliwili, halafu mkono, halafu katriji, halafu kisanduku cha umeme, kila kimoja kwa bei yake, na ukijumlisha ile ya daraja la juu kabisa unapata kiwanja Pongwe chenye nyumba juu yake. Mie nimezoea ukinunua kuku anakuja na miguu yake.

Katriji ndicho kile kidude kinachobeba sindano. Kuna ya sumaku inayocheza na kuna ya koili inayocheza. Ya koili ndiyo ya wakubwa, lakini umeme inaoutoa mara nyingi haufiki hata nusu ya milivolti, kwa hiyo lazima ununue na priampu ya kuubembeleza mpaka usikike. Yaani unalipa zaidi ili upate pungufu. Nikamuuliza kama hiyo priampu nayo ina mtoto anayedaiwa ada.

Aliyeniokoa, au tuseme aliyenizamisha, ni mke wangu. "Kaka yangu si yuko Marekani? Mwambie." Shemeji hakukawia. Mashine ikafika imevikwa taulo tatu, ya zamani, ya mkanda, mbao inang'aa kama mlango wa tajiri. Na redio yetu kubwa ilikuwa na tundu la kuchomekea mashine ya santuri nyuma, kwa hiyo priampu tukaiepuka. Nikajiona mjanja.

Mpwa akasema kwanza pasiwe na mwinamo. Nikaazima pimamaji kwa fundi mwashi. Kumbe nyumba nzima imelalia upande wa baharini! Miaka kumi na tisa nalala nimeinama na hakuna aliyeniambia. Nikachomeka vipande vya kasha la kiberiti chini ya mguu mmoja wa meza, povu likatulia katikati.

Pili, uzito wa sindano. Ikilemea inachimba santuri, ikiwa nyepesi mno inaruka mifereji. Hii yangu inataka gramu 2. Gramu! Mizani ninayoijua mie ni ya dagaa. Mwenye mizani ya gramu mtaani kwetu ni sonara. Basi nikaifunga mashine nyuma ya baiskeli, kigodoro cha mtoto chini yake, nikaikokota mpaka dukani.

Sonara akaweka kimizani chake juu ya sinia. Nikashusha mkono, sindano ikatua kama nzi kwenye sukari. Gramu 4.6.

"Hii si sindano," akasema, "hili jembe."

Nikawa nazungusha ule uzito wa nyuma ya mkono, unarudi nyuma kidogo kidogo. 3.8. 2.9. 2.2. Watu dukani kimya, jasho linanitiririka. Ilipogota 2, mama mmoja aliyeleta bangili zake kuuza akaninong'oneza: "Baba, humo dhahabu mmeificha wapi?"

Mashine ya Marekani inakula volti 120, zetu ni 230, kwa hiyo transfoma. Nikanunua. Umeme nao umekuwa mwana-Tanga, waja leo waondoka leo. Ulipokuja ilikuwa baada ya isha. Nikamwita mke wangu, nikazima feni, nikachagua taarab moja ya mwanamke niliyekuwa nikimsikia utotoni kwa mjomba, sauti kama maji ya dafu. Sindano ikashuka. Krrr.

Akaimba mwanamume.

Mwanamume mzito, mwenye usingizi, anamlalamikia mumewe. Fidla nyuma yake zinalia kama watu wanaosukuma kabati.

"Huyu ndiye uliyesema nitalia?" mke wangu akauliza.

Mpwa alicheka mpaka akakata simu, akapiga tena ili aendelee kucheka. Kumbe mota za namna hiyo zinafuata mapigo ya umeme. Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, huku kwetu 50. Transfoma inashusha volti tu, mapigo haiyagusi. Santuri inayotaka mizunguko 45 kwa dakika inapata 37 na nusu. "Ingekuwa Technics, mjomba, ile ina saa yake ndani, haijali." Bodaboda ile imenirudia.

Dawa yake ni kubadili puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda, iwe nene zaidi kwa sehemu moja ya tano: penye milimita 10 pawe 12. Kuiagiza nje bei yake utadhani ni kipuli cha dhahabu. Nikaenda kwa fundi wa kukereza vyuma.

"Puli ya mashine ya kusaga?" akauliza huku ananyoosha mikono apokee mzigo.

Nikafungua kiganja. Akakitazama kile kidude, akavaa miwani, akavua, akamwita msaidizi wake mwenye macho. Njoo Alhamisi, akasema. Leo ni Alhamisi ya tatu.

Nyumbani tunaendelea kupiga hivyo hivyo. Jirani amekwisha kuniuliza mara mbili yule mwimbaji mwanamume ni wa kundi gani, anataka kumwalika kwenye harusi ya bintiye.