Kompyuta ya kuunganishwa nayo iweze kurudi kama mpya

Ukinunua HP mpya, siku Windows ikivurugika unaizima, unaiwasha huku ukibonyeza F11, na menyu ya kuirudisha ilivyotoka kiwandani inakuja. Kwa Acer ni Alt pamoja na F10. Lakini mashine tunazounganisha wenyewe hapa Mombasa, bodi imetoka duka hili, ramu duka lile, zinamfikia mteja na Windows tupu. Ikiharibika hana la kufanya ila kuibeba tena hadi mjini. Kwangu mimi kazi hiyo haijaisha, hata kama mashine inawaka taa za rangi zote.

Mafundi wenzangu huniambia Windows ina Reset yake, yaani njia ya kujirudisha upya, inatosha. Haitoshi. Tangu Windows 10, Reset hujenga mfumo upya kwa kutumia faili za mfumo uleule ulio kwenye diski. Faili hizo zikiwa zimeharibika kwa stima kupotea katikati ya sasisho, Reset nayo hukwama njiani. Tangu 2020 ipo njia ya kupakua mfumo kutoka intaneti, lakini hizo ni kama gigabaiti 4, na wengi huku wanategemea bando la simu. Tena bodi nyingi mpya, Windows haina draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, ya mtandao wake. Utapakuaje bila mtandao?

Kuna mama ana duka la kuchapisha na kutoa kopi kule Kisauni. Kwake kompyuta ni printa mbili, skana, programu ya hesabu na fonti za kadi za harusi. Mashine yake ilipogoma wiki ya mitihani, aliyemrekebishia alimwekea Windows safi kabisa, na printa zote zikawa hazijulikani. "Mwanangu, imepona lakini haifanyi kazi," aliniambia. Anachohitaji mtu kama huyu ni mashine irudi ilivyokuwa siku ilipotoka kwa fundi, na draiva zake na programu zake.

Na inawezekana, kwa zana za Microsoft yenyewe, bila kulipa kitu. Weka Windows. Ikifika skrini ya kwanza ya kuchagua nchi, bonyeza Ctrl, Shift na F3. Utaingia ndani bila kufungua akaunti ya mtu. Hapo ndipo unapoweka draiva, masasisho na programu za mteja. Usiziache programu za Store zijisasishe, maana Sysprep, zana ya Windows ya kuuandaa mfumo kunakiliwa, itakugomea mwishoni. Ukimaliza, endesha Sysprep ukichagua Generalize, yaani kufuta vitambulisho vya mashine hiyo, na mashine izime. Iwashe kwa flashi ya WinPE, ile Windows ndogo ya kufanyia kazi za ufundi, sio kwa diski yake, kisha tumia amri ya DISM kuchukua nakala ya mfumo mzima iwe faili moja la WIM. Faili hilo liweke kwenye patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) iliyofichwa, kisha kwa amri ya reagentc unaongeza kitufe chako cha kurudisha nakala hiyo kwenye menyu ya urekebishaji, pale pale mteja anapoziona njia nyingine. Kwenye diski ya gigabaiti 256 nafasi inayoliwa inavumilika kabisa.

Patisheni ya WinRE, yaani ile menyu ya urekebishaji, iwe mara tu baada ya C, na usiibane. Januari 2024 sasisho KB5034441 liliwagomea watu wengi duniani na kosa 0x80070643, kwa sababu tu patisheni hiyo ilikuwa ndogo. Lilihitaji megabaiti 250 zilizo wazi.

Patisheni peke yake haimwokoi mtu diski ikifa, na kwa unyevu na chumvi ya pwani vifaa vyetu havidumu. Kwa hiyo mpe mteja na flashi yenye nakala ileile. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haibebi faili linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo likate kwa DISM liwe vipande vya SWM. Na mwambie wazi kwamba kurudisha kunafuta kila kilichomo C. Picha na hesabu zake zikae diski nyingine.

Jambo moja linaniudhi kwelikweli: kuchukua nakala ya Windows iliyovunjwa leseni. Kama kile kivunjio kilikuja na virusi, umevihifadhi, na kila mteja akirudisha mashine anavirudisha navyo. Kama leseni ni ghali, mwambie mteja bei yake mapema, aamue mwenyewe.

Wanaolalamika kwamba hii ni saa kadhaa za ziada wanasema kweli. Basi itozwe, iandikwe kwenye risiti kama ramu inavyoandikwa. Nawe mnunuzi, kabla hujalipa, mwambie fundi airudishe mashine mbele yako, kuanzia kitufe hadi skrini ya kuanzia. Akisema hana muda, nenda duka la pili.