Nilienda kupimwa akili, nikatoka na cheti cha masikio

Mimi nina miaka 41 na mpaka mwaka jana nilikuwa naishi vizuri tu na akili zangu hizi hizi bila kuuliza ziko ngapi. Halafu binamu yangu akanitumia orodha ya dalili za mtu mzima mwenye akili nyingi ambaye hajawahi kugunduliwa: eti anachoka haraka kwenye vikao, anaanza mambo mengi hamalizi, anasahau vidogo kwa sababu kichwa kimejaa vikubwa. Nikasoma nikasema huyu kaniandika mimi kabisa. Nikampa mke wangu simu asome na yeye. Akasoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema, "Baba Zuu, hizi ni dalili za mtu ambaye hajarekebisha mlango wa bafu tangu Januari."

Lakini mdudu alishaingia kichwani. Usiku huo huo nikafanya kipimo cha kwenye intaneti, maswali 20 ya maumbo na mishale, na manne ya mwisho sikuyajibu kabisa maana simu iliisha chaji, nilipoiwasha tena ikanipa 138. Hata mimi na 138 zangu nilijua hapo kuna kitu hakijakaa sawa.

Nikaanza kuulizia, nikaambiwa kipimo cha kweli anakupa mwanasaikolojia uso kwa uso, vile vinavyoitwa vya Wechsler, kwa jina la mwanasaikolojia aliyevitunga, saa nzima au na nusu mmekaa wawili. Wastani umewekwa 100, ukifika 130 uko kwenye wale wawili hivi kati ya watu mia. Kuna hata chama chao, Mensa, kilianzia Oxford 1946, kinachukua hiyo asilimia 2 ya juu tu, na nikiri hapa kwamba kadi ya uanachama nilishaipangia sehemu yake kwenye pochi kabla sijapiga hata simu ya miadi.

Sasa kuamua ndio ikawa kazi. Wiki tatu najadiliana na nafsi. Nikipata 130 nitazifanyia nini? Kwa umri huu hakuna mwalimu atakayenirusha darasa, na bosi hawezi kuniongeza mshahara kwa sababu nimepanga vibao vya rangi haraka. Na je nikipata 97? Kwa nini nijue? Nina mke, nina shemeji zangu watatu, habari kama hiyo haikai ndani ya nyumba hata jioni moja. Nikajaribu kumshirikisha mama Zuu kisomi, nikamwambia unajua hivi vipimo vilianza Ufaransa mwaka 1905, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon, na wala hawakuwa wanatafuta vichwa, walikuwa wanatafuta watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni.

Akasema, "Ahaa. Basi nenda."

Nikaweka miadi, saa nne asubuhi. Kwenye simu waliniambia nisifanye mazoezi, kwa sababu ukifanya mazoezi kipimo kinapima mazoezi. Nikasema sawa kabisa, nikakata simu, nikaanza mazoezi. Nilisikia kuna sehemu unasomewa tarakimu halafu unazirudisha kinyumenyume, basi siku nne nzima kila gari inayopita mbele yangu nasoma namba yake kutoka mwisho. Mpaka naingia pale mapokezi midomo ilikuwa bado inacheza, tatu tisa moja saba sita, sita saba moja tisa tatu. Dada wa mapokezi akanielekeza vizuri tu, kaka pita hapa, kata kushoto, kaa kwenye benchi utaitwa. Sasa kichwa cha binadamu kinashika vitu kama saba hivi kwa mara moja, na vyangu vyote saba vilikuwa tarakimu. Lile neno "kushoto" likakosa kiti.

Nikakata kulia. Kuna benchi, nikakaa, pembeni yangu kuna mzee mmoja mtulivu sana. Mara mlango unafunguliwa, mtu wa makamo koti jeupe anachungulia anasema, "Bwana Salimu?"

Mimi nikasikia, "Bwana, salama?"

"Salama kabisa," nikasema, nikasimama, nikaingia.

Nikaingizwa kwenye kibanda kidogo, mlango mnene kama wa friji, kuta sponji tupu, kimya mpaka unasikia shingo yako ikigeuka. Nikajiambia hawa jamaa wako siriasi, hawataki upate usumbufu. Akanivalisha hedifoni, nyekundu sikio la kulia, bluu la kushoto (nikaziweka akilini hizo rangi, lazima zitaulizwa), akanipa kitufe. Akasema, "Ukisikia mlio, hata uwe mdogo vipi, bonyeza."

"Basi?"

"Basi." Akatabasamu.

Ni hilo tabasamu lililonimaliza. Swali rahisi namna ile haliwezi kuwa swali. Milio ikaanza, piii, piii, mimi nimetulia sibonyezi, natafuta mpangilio. Tano za kwanza nikaziacha zipite nikiwa nimefumba macho kama mganga. Halafu nikajaribu kubonyeza, nikagundua jambo: nikibonyeza, unaofuata unashuka kweli kweli, nisipobonyeza unapanda kidogo. Mwili ukanisisimka! Nimewashika! Basi nikaacha kusubiri, nikawa nauwahi mlio, nabonyeza kabla haujaja.

Mlango ukafunguliwa. "Bwana, mbona unabonyeza na mimi sijapiga kitu?"

"Najua unaofuata utakuwa wapi," nikamwambia, kwa unyenyekevu kidogo.

Akaniangalia kwa muda. "Usijue," akasema. "Sikiliza tu."

Tukarudia yote kutoka mwanzo. Mara hii nikasikiliza kama mtoto mwenye adabu, huku moyoni nikiona nimenyimwa nafasi ya kuonyesha kilichomo. Tulipomaliza akaniwekea karatasi mezani, ina mistari kama grafu, na juu yake zimetapakaa alama za X na maduara. Moyo ukalia paa. Tangu darasa la kwanza najua X maana yake nini, na duara nalo nikajua ni sufuri. Kwa hiyo kote ambako sijakosa, nimepata sufuri.

"Umefanya vizuri," akasema. "Wastani wako ni kumi na tano."

"Kumi na tano?"

"Kila upande."

Nikajumlisha haraka, thelathini. Bado ni msiba. "Kati ya ngapi?"

"Mashine inaenda mpaka mia na ishirini. Lakini kumi na tano kwa umri wako ni safi kabisa. Vijana wengine ndio wanapata sufuri."

"Sufuri!"

"Na wapo wachache wanaoenda chini ya sufuri."

Nikakaa kimya nikiwaonea huruma hao watoto. "Sasa wanaishi vipi?"

"Vizuri sana, wanasikia mpaka saa ya ukutani ya chumba cha pili." Akanitazama. "Kwani wewe, bwana Salimu, ulitarajia nini?"

"Salimu ni nani?"

Hapo tukatazamana wote wawili. Akaenda akafungua mlango. Yule mzee bado yuko pale pale kwenye benchi, karibu dakika arobaini. "Bwana Salimu?" Kimya. "Bwana Salimu!" Mzee anaangalia ukuta kwa amani. Ndio maana tulipoitwa nilisimama peke yangu, mwenye jina hakusikia, na kutosikia ndiko kulikomleta. Ikabidi aguswe bega.

Nikarudi mapokezi nimejikunja, dada akasema mwanasaikolojia alikusubiri akachoka, tukupangie siku nyingine? Nikamwambia nitafikiria. Mpaka leo nafikiria, maana kuna sehemu yangu inaona jibu nilishalipata bure.

Yule bwana wa masikio alikuwa muungwana, alifuta jina la Salimu kwa kalamu akaandika langu, akanipa karatasi yangu: usikivu wa kawaida, masikio yote mawili. Nikafika nayo nyumbani nikampa mama Zuu kwa fahari kidogo, angalau sijarudi mikono mitupu. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka ghafla, akaisoma tena polepole.

"Masikio yote mawili mazima?"

"Yote mawili."

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unasikia."

Karatasi ameibandika kwenye mlango wa bafu. Unafungika vizuri sana siku hizi.