Ufa tuliouziba kwa saruji

Kila mgeni akifika Bagamoyo hupiga picha mlango. Anasimama Mtaa wa India, anasogea mpaka nakshi zijae kwenye simu, anaondoka. Ukuta unaoushika mlango huo haumshughulishi mtu. Mimi nimelelewa nyuma ya mlango wa namna hiyo, nyumbani kwa shangazi, na leo nataka kusema habari za lipu.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," tumeambiwa tangu wadogo. Methali haikusema tuuzibe kwa kitu gani. Ukuta wa upande wa bahari ulipopasuka, sisi watoto wa nyumba ile tulichanga, tukamwita fundi kijana, akashusha mifuko minne ya saruji na kupiga lipu nyororo kama sahani. Shangazi alifurahi, majirani wakaja kusifu. Masika ya pili haijaisha, lipu ikaanza kufura kama andazi, kisha ikadondoka vipande vikubwa, kila kimoja kimebeba jiwe mgongoni.

Nikamtafuta fundi mmoja wa zamani. Alichokonoa ukuta kwa kisu, akagusa unga uliotoka, akalamba kidole.

"Chumvi," alisema. "Jiwe hili limetoka baharini, mwanangu. Halijaacha kunywa maji."

Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, yakashikwa kwa udongo na chokaa, na chokaa yenyewe ilichomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Unyevu hupanda kutoka chini, mvua nayo huongeza wake, na jua likiwaka maji hujitokea taratibu kupitia chokaa. Saruji inayafungia ndani. Chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza bila mtu kuona. Siku dari ikishuka, tunasema nyumba ilikuwa imezeeka.

Haikuzeeka, jamani. Tuliikarabati.

Sheria tunayo. Ile ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, hulinda jengo lolote lililojengwa kabla ya 1863. La baada ya hapo hungoja kutangazwa. Ngome Kongwe ya hapa Bagamoyo, iliyoanza kujengwa 1860, imewahi kwa miaka mitatu tu, lakini Boma la Wajerumani la 1897 tarehe hiyo hailisaidii kitu. Ndiyo maana lilikuwa jambo jema Mji Mkongwe wa Bagamoyo ulipotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1983. Na tangu 2006 njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, inayoishia hapa kwetu, imo kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ile ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Mikutano kuhusu hilo haikosi chai.

Ugomvi wangu ni kwamba hifadhi hii inajua kukataza tu. Usibomoe, usitoboe dirisha, usibadili paa. Shangazi alipokwenda ofisi moja kuomba kibali alirudi na fomu na makatazo. Chokaa haikutajwa hata mara moja. Saruji iko kila duka. Chokaa utakayoiona ni ile ya kupaka ukuta uwe mweupe. Sasa bibi wa miaka sabini na kitu afanye nini ukuta ukivuja? Atafanya tulichofanya sisi. Kwa maoni yangu, anayetoa kibali angekuwa na ghala la chokaa uani, na yule mzee wa kisu angelipwa kufundisha vijana wawili watatu kabla mikono yake haijachoka.

Saruji tumeibandua, wiki tatu za tindo na nyundo. Chokaa tumeipata kwa kuzunguka sana. Zimebaki boriti tatu za chumba cha juu, kile chembamba, maana upana wa vyumba vile ni urefu wa boriti na si zaidi. Boriti ni mkoko, na mkoko nao unalindwa, haukatwi ovyo. Shangazi, mwenye kibali cha nyumba mkobani, ameambiwa atafute kingine cha mti, kwenye ofisi nyingine, na aende na nakala ya kile cha kwanza. Dari tumeitegemeza kwa mirunda. Usiku ikilia, sote tunashuka kulala barazani.