Kumwita Ram Vilas Paswan kigeugeu ni rahisi, jaribu kwanza kupiga hesabu zake

Wahindi wakitaka kumcheka mwanasiasa wao Ram Vilas Paswan wanamwita mausam vaigyanik, yaani mtaalamu wa hali ya hewa, jina alilobandikwa na Lalu Prasad Yadav, mpinzani wake wa jimbo la Bihar ambaye pia alishawahi kuwa mwenzake (kule Bihar kila mtu alishawahi kuwa mwenzake na kila mtu). Utani wenyewe ni kwamba mzee alikuwa ananusa upepo kabla ya uchaguzi, akishajua mvua itanyesha upande gani anahamia huko na ndoo yake. Na listi ukiiangalia huwezi kubisha sana, amekuwa waziri chini ya V.P. Singh, Deve Gowda, Gujral, Vajpayee, Manmohan Singh na Modi. Mawaziri wakuu sita ambao ukiwaweka chumba kimoja hawakubaliani hata kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Alipofariki Oktoba 8, 2020 alikuwa bado waziri.

Mimi huo utani nikiusikia nacheka kidogo halafu najiuliza, hivi nyie mlitaka afanyeje?

Tuanze na namba moja ambayo wanaomcheka huwa hawaigusi. Paswan alikuwa Mdalit, wale walioitwa wasioguswa, na ndani ya Wadalit alikuwa wa jamii ya Dusadh. Hesabu ya matabaka iliyofanywa na serikali ya Bihar ikatoka 2023 inasema Dusadh ni asilimia 5.31 ya watu wa jimbo zima. Tano na kidogo. Wayadav wa Lalu ni 14.26, Waislamu ni kama 17.7, kwahiyo Lalu akiwashika hao wawili ana karibu theluthi ya Bihar mkononi kabla hata hajapanda jukwaani. Paswan yeye anaanza na tano. Utasema si awakusanye Wadalit wote, maana wako karibu asilimia 20? Sawa, lakini hao 20 sio kitu kimoja, kuna Chamar ambao nao ni tano na kidogo, kuna Musahar ni tatu, na kila jamii ina viongozi wake na vinyongo vyake. Halafu 2007 Nitish Kumar, waziri kiongozi wa Bihar wakati ule, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, akatengeneza kundi la Mahadalit, Wadalit maskini zaidi wa kupewa misaada maalum, akaingiza karibu jamii zote akawaacha Dusadh nje. Miaka miwili baadae, 2009, Paswan akaangushwa kwenye jimbo lake la uchaguzi, Hajipur, palepale alipokuwa ameshinda 1977 kwa tofauti ya kura zaidi ya laki nne, rekodi ya dunia wakati ule.

Sasa mtu mwenye asilimia tano hawezi kuwa serikali, anachoweza ni kuchagua aingie serikali ipi. Ukitaka kuona inavyofanya kazi angalia uchaguzi wa 2014. BSP, chama cha Wadalit cha Mayawati, kilipata asilimia 4.2 ya kura India nzima, cha tatu kwa wingi wa kura, kikaambulia viti sifuri. Sifuri kabisa. LJP, chama cha Paswan, ilipata asilimia 0.4, viti sita. Mara kumi ya kura na hakuna hata mbunge mmoja, wakati huyu mwenye kakikombe kake amejipatia sita kwa sababu aligombea saba tu, ndani ya muungano wa Modi, sehemu ambazo kura za BJP, chama cha Modi, zilimwagikia kwake. Hii namba nimeizungusha kichwani sana, maana Mayawati ndiye anayesifiwa kwa msimamo na Paswan ndiye anayeitwa mfanyabiashara, na ukiuliza nani alikuwa kwenye kikao cha baraza la mawaziri Machi 2018, Mahakama ya Juu ya India ilipolegeza sheria ya kuwalinda Wadalit dhidi ya ukatili, jibu unalo. Paswan na mwanae Chirag wakaibana serikali yao wenyewe hadharani, Agosti bunge likairudishia sheria meno yake. Na sheria hiyohiyo ilianza kutumika Januari 1990, waziri wa ustawi wa jamii akiwa nani? Paswan.

Kipindi kile cha 1990 ndio naona watu wamekisahau kabisa. Serikali ya V.P. Singh ilidumu miezi kumi na moja tu, ila ndani yake Ambedkar, yule kiongozi mkubwa wa Wadalit, akapewa Bharat Ratna, tuzo ya juu kabisa ya India, miaka 33 na ushee baada ya kufa, picha yake ikatundikwa ukumbi wa kati wa bunge, Wadalit waliohamia Ubudha wakaingizwa kwenye haki za upendeleo, na Agosti ikatangazwa ile asilimia 27 ya ajira za serikali kuu kwa matabaka ya nyuma, ishu ya Mandal iliyowasha moto vyuoni Delhi. Paswan aliitetea Mandal kuliko karibu mtu yeyote, na Mandal haikuwaongezea Wadalit hata nafasi moja, wao walikuwa na fungu lao tayari. Walionufaika ni akina Yadav. Yaani akina Lalu! Huo upepo alioufuata hapo ulikuwa unavuma kuelekea wapi?

Basi tuje upande wa pili, maana upo na sio mwepesi. Aprili 2002 alijiuzulu uwaziri kwa Vajpayee akisema ni kwa sababu ya mauaji ya Waislamu katika jimbo la Gujarat, ambapo waziri kiongozi alikuwa Modi, na 2014 akaenda kuwa waziri wa huyohuyo Modi. Hapo hakuna hesabu inayokusaidia, na wapo wanaosema hata 2002 kilichomuuma zaidi ni kutolewa wizara ya mawasiliano mwaka uliopita akapelekwa makaa ya mawe na madini. Mimi siingii moyoni mwa mtu, ila kama uliondoka kwa ajili ya wafu wa Gujarat, waliobaki hai walistahili maelezo uliporudi, na maelezo ya maana hayakuja.

Halafu 2005. Februari mwaka ule Bihar ilimpa viti 29, Lalu hawezi kuunda serikali bila yeye na Nitish hawezi bila yeye, ufunguo uko kwake. Akasema nitamuunga mkono yeyote atakayemweka Muislamu kuwa waziri kiongozi. Msimamo mzuri, au kisingizio kizuri, chagua mwenyewe, maana hakuna aliyekubali, bunge la jimbo likavunjwa, Novemba wakarudi kwenye kura na 29 zikawa 10. Mtaalamu wa hali ya hewa gani huyo ananyeshewa hivyo? Wanaomwita mjanja huwa wanairuka hii, na wanaomtetea pia wanairuka, kwa sababu inaonyesha mtu aliyeng'ang'ania kitu mpaka kikamfia mkononi.

Na Mayawati ana jibu lake pia. Alikuwa waziri kiongozi wa Uttar Pradesh mara nne, polisi wanampigia saluti yeye, ardhi anagawa yeye. Paswan siku zote alikula kwenye meza ya mtu mwingine, na mgeni hata akipewa mnofu hachagui kinachopikwa.

Ila kuna vyakula vilipikwa. Chukua kijana wa Bihar anayebeba zege Mumbai. Tangu sheria ya 2013 ana haki ya kilo tano za nafaka kwa mwezi, mpaka 2022 mchele ulikuwa rupia 3 kilo, ngano rupia 2, lakini kadi yake ya mgawo ilikuwa imefungwa kwenye duka moja tu la mgawo kijijini kwao, zaidi ya kilomita elfu moja na nusu. Paswan akiwa waziri wa chakula wakaanza Agosti 2019 mpango wa kadi moja nchi nzima, mwanzoni majimbo manne tu, mawili mawili, unafika duka lolote unaweka dole gumba kwenye kamashine, mwenye duka anapima. Kweli, Machi 2020 nchi ilipofungwa kwa korona mpango ulikuwa haujaenea, na wale waliotembea kwa miguu kurudi Bihar sote tuliwaona kwenye picha. Kwahiyo mpeni lawama ya kuchelewa. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi, na ni wazo la mtu anayejua wapiga kura wake wanaishi wapi kwa mwaka.

Paswan mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba 1969 alifaulu kuwa ofisa wa polisi na papo hapo akachaguliwa kuwa mbunge wa bunge la Bihar, rafiki yake akamuuliza unataka kuwa serikali au mtumishi wa serikali? Akachagua serikali, na hakutaka tena kutoka. Familia nayo hivyohivyo. Katika wale wabunge sita wa 2014 watatu walikuwa yeye, mwanae na mdogo wake, na hapa sina utetezi, chama cha wanyonge kikawa cha ukoo. Juni 2021, mwaka haujaisha tangu afariki, mdogo wake mwingine Paras akawachukua wabunge watano kati ya sita akampindua Chirag, akapewa uwaziri na Modi, Oktoba tume ya uchaguzi ikaizuia hata alama ya chama, ambayo ilikuwa nyumba. Machi 2022 serikali ikamtoa Chirag kwenye nyumba namba 12 Janpath, Delhi, alimokaa baba yake karibu miaka thelathini, vitu vikatolewa nje vikapakiwa kwenye malori.

Chirag hakununa muda mrefu. 2024 akagombea Hajipur ndani ya muungano uleule, chama chake kikasimamisha watu watano, wakapita watano, na Juni akaapishwa kuwa waziri wa Modi.