Hirudini haizibi tundu tu

Asanteni kwa makala. Ila pale mlipoandika kwamba hirudini, ile protini ya mate ya ruba, huziba tundu la thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, "kama kizibo cha chupa", mmeiacha sehemu tamu kuliko zote. Muundo wa fuwele uliochapishwa mwaka 1990, uliopatikana kwa miale ya eksirei, ulionyesha hirudini ikikishika kimeng'enya hiki mahali pawili kwa mpigo. Ncha yake moja inaingia kwenye mfereji ambamo thrombini hukatia fibrinojeni, protini ya damu, ili damu igande. Mkia wake mrefu, wenye chaji hasi nyingi, unapita ubavuni na kunata kwenye eneo la chaji chanya, palepale ambapo fibrinojeni hujishikiza kabla ya kukatwa. Mlango umefungwa, na hata pa kushika pameshachukuliwa.

Hirudini yenyewe ina asidi amino (vijenzi vya protini) 65 tu! Wala haiingii kwenye kile kishimo cha ndani ambacho thrombini hukitumia kutambua pa kukata. Nguvu yake inatokana na kugusana kwingi, na hilo mimi naona ni la ajabu kweli.

Mpango huohuo wa kushika pawili umo kwenye bivalirudini, dawa ya asidi amino 20 inayotumika wakati wa kuzibua mishipa ya moyo. Yenyewe thrombini huikata polepole, ndiyo maana haikai muda mrefu mwilini. Tafadhali, toleo lijalo wekeni mchoro wa muundo huo.